Ethel Barrymore: binti wa jukwaani aliyeshika ahadi yake



Mkisikia jina Barrymore, wengi mnamfikiria Drew, yule aliyecheza akiwa mtoto mdogo katika filamu ya E.T. mwaka 1982. Leo simzungumzii yeye. Namzungumzia dada wa babu yake, Ethel Barrymore, ambaye kwa zaidi ya miaka hamsini alipanda jukwaani na kuonekana kwenye filamu, hadi Wamarekani wakamwona kama malkia wa maigizo yao. Hayumo katika orodha ya watakatifu wala wenyeheri, kwa hiyo msitegemee miujiza. Alikuwa mwanamke wa kazi, mwenye watoto watatu na ndoa iliyovunjika, mwenye ndugu waliomsumbua moyo. Na alikuwa Mkatoliki. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nimtafute.

Alizaliwa Philadelphia tarehe 15 Agosti 1879, yaani siku ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni. Ila msiharakishe kusema ni ishara, maana wakati ule nyumba yao haikuwa ya Kikatoliki hata kidogo. Ilikuwa nyumba ya maigizo. Bibi yake, Louisa Drew, alianza kuigiza akiwa mtoto mchanga huko Uingereza, na alipokuwa mtu mzima akaendesha ukumbi wa Arch Street pale Philadelphia kwa takriban miaka thelathini. Fikiria mwanamke anayeajiri, anayefukuza na anayelipa mishahara, na huo ni mwaka 1861 alipoanza! Mama yake Ethel, Georgiana, alikuwa mwigizaji wa vichekesho. Mjomba, John Drew, mwigizaji. Baba, Maurice, alizaliwa India akiitwa Herbert Blythe. Alipoamua kuigiza akajipachika jina la Barrymore. Kwa hiyo hilo jina lote mnalolijua ni jina la jukwaani.

Sasa imani iliingiaje? Iliingia kupitia mwigizaji mwingine. Palikuwa na mama mmoja kutoka Polandi, Helena Modrzejewska, ambaye Wamarekani walishindwa kulitamka jina lake wakalikata likawa Modjeska. Alikuwa mkubwa sana kwao kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1876, na huko ugenini akawa mkubwa tena kwa lugha aliyoanza kujifunza ukubwani. Alikuwa Mkatoliki wa kweli. Maurice na Georgiana walizunguka miji mbalimbali wakiwa katika kundi lake, treni baada ya treni, hoteli baada ya hoteli, na katika safari hizo Georgiana akavutwa na imani ya yule mama. Akajiunga na Kanisa, na watoto wake watatu, Lionel, Ethel na John, wakalelewa Wakatoliki.

Naomba tusimame hapa kidogo. Wakati ule watu wengi wa heshima waliona waigizaji ni watu wa kutiliwa shaka, hasa wanawake. Hata leo tunao wazazi wanaosema hivyo, tena kwa sauti kubwa. Lakini hapa mlango wa imani haukufunguliwa na mhubiri. Uliofungua ni mwenzake wa kazi, katika maisha yale yale ya vipodozi, mavazi ya kukodi na usiku wa manane. Hatujui waliongea nini, ila tunajua matokeo.

Ethel akapelekwa shule ya bweni ya masista wa Notre Dame hapo hapo Philadelphia. Mnaojua shule za masista mnajua: kengele, sala, nidhamu, na sista mmoja ambaye anasikia hata unapowaza. Ethel aliipenda. Alipiga piano vizuri, na ndoto yake haikuwa kuigiza kabisa. Alitaka kuwa mpiga piano wa kumbi kubwa. Angeachiwa achague, pengine leo tungekuwa tunamkumbuka kwa muziki, au tusingemkumbuka kabisa.

Hakuachiwa. Mama yake alipata kifua kikuu, na dawa wakati huo haikuwapo. Daktari alichoweza ni kukushauri utafute hewa nzuri. Mwaka 1893 Georgiana akaenda Santa Barbara, California, upande wa pili kabisa wa nchi, na aliyekwenda naye kumuuguza ni Ethel. Mwezi Julai mama akafariki, siku chache tu kabla ya kutimiza miaka 37. Ethel alikuwa na miaka 13. Baba mbali, bibi mbali, kaka na mdogo wake mbali. Binti wa darasa la saba, kwa kipimo chetu, yuko na msiba ugenini peke yake.

Utoto wake uliisha pale. Hakurudi kumaliza shule. Familia ya maigizo haikuwa na akiba, na bibi mwenyewe alishazeeka na ukumbi wake hakuwa nao tena. Mwaka 1894 Ethel akapanda jukwaani kwa sababu ile ile inayowafanya mabinti wengi wa kwetu wauze genge au waende mjini kutafuta kazi za ndani: nyumbani hakuna kitu. Mwaka uliofuata akapata nafasi ndogo New York katika kundi la mjomba wake. Nafasi ndogo maana yake unabeba trei, unasema sentensi moja, unatoka.

Mwaka 1897 alikwenda London na kundi la Kimarekani. Alipokuwa anajiandaa kurudi, Henry Irving na Ellen Terry, waigizaji wakubwa kuliko wote Uingereza wakati huo, wakamwita abaki acheze nao. Akabaki. Alikuwa na miaka 18, mrembo, mwenye sauti nzito ya kipekee na macho ambayo watu hawakuyasahau, na vijana wa familia kubwa wakaanza kupanga foleni. Inasimuliwa kwamba mmoja wa waliomtaka uchumba ni Winston Churchill, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alikataa. Urafiki ulibaki, ila uchumba hapana.

Kilichomfanya nyota ni mchezo wa Captain Jinks of the Horse Marines, uliofunguliwa New York tarehe 4 Februari 1901 katika ukumbi wa Garrick. Alicheza mwimbaji wa opera. Alikuwa na miaka 21 tu, na mwandaaji wake, Charles Frohman, akaliweka jina lake kwenye taa nje ya ukumbi. Baada ya hapo mabinti Marekani nzima wakaanza kuiga mtindo wake wa nywele, mwendo wake, hata namna alivyozungumza. Leo tungesema ana wafuasi milioni.

Lakini mimi katika usiku ule nakumbuka zaidi kitu kingine. Baba yake, Maurice, aliingia ukumbini bila kumwambia. Akakaa na watazamaji. Mchezo ulipoisha akamfuata bintiye, akampongeza na kumkumbatia. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumwona Ethel akifanya kazi. Wiki chache baadaye, mwezi Machi, Maurice alichanganyikiwa akiwa jukwaani mbele ya watu. Ulikuwa ugonjwa wa kaswende uliofika kwenye ubongo, na wakati ule haukuwa na tiba. Mdogo wao, John, ndiye aliyempeleka hospitali. Akahamishiwa nyumba ya wagonjwa wa akili huko Amityville, na Ethel akawa analipa gharama kwa mshahara wake hadi baba alipofariki mwaka 1905. Baba huyu hakuwa mwema kwa familia. Alikuwa mtu wa pombe na wanawake, na alikuwa mbali siku mkewe alipokufa. Binti akamlipia miaka minne hata hivyo. Amri ya nne haina sehemu inayosema mheshimu baba yako kama alikuwa baba mzuri.

Miaka ya mbele ilikuwa ya kazi tupu. Alicheza Nora katika tamthilia ya Ibsen, Nyumba ya Mwanasesere, mwaka ule ule wa 1905. Alisafiri miji kwa miji. Kwa miaka mingi alicheza igizo fupi la J. M. Barrie, yule yule wa Peter Pan, kuhusu mke wa tajiri anayejifunza kupiga chapa ili apate hela yake mwenyewe na kuondoka nyumbani. Mchezo huo ulipendwa mno, akaupeleka hadi kwenye kumbi za burudani za kawaida. Utaona baada ya muda kwa nini nimeutaja.

Tarehe 14 Machi 1909 aliolewa na Russell Griswold Colt, kijana wa ukoo wa Colt, wale wa bastola. Harusi ya nyota na mtoto wa tajiri, magazeti yakafurahi. Mwaka huo huo akazaliwa Samuel, kisha Ethel mdogo mwaka 1912 na John Drew mwaka 1913. Ukiangalia picha za wakati huo ni familia ya kuonea wivu. Ndani ilikuwa tofauti. Mwaka 1911 tayari habari za talaka zilikuwa magazetini, zikazimwa, wakaendelea. Kama tujuavyo, mume wa tajiri si lazima awe mume wa kuleta hela nyumbani. Aliyefanya kazi mfululizo ni Ethel. Mwaka 1915 akampoteza Frohman, aliyezama na meli ya Lusitania iliyopigwa na Wajerumani. Alikuwa ndiye aliyemjenga kikazi. Kati ya 1914 na 1919 akacheza filamu kama kumi na tano, zile za bila sauti, nyingi kwa sababu moja tu: zililipa.

Ndoa ikaisha mahakamani mwaka 1923. Ethel alikuwa na miaka 43, maarufu, mzuri bado, na mwenye watoto watatu wa kusomesha. Katika ulimwengu wa maigizo kuoa na kuoa tena lilikuwa jambo la kawaida kama kubadilisha mavazi. Mdogo wake John alioa mara nne. Hakuna ambaye angeshangaa kama Ethel angeolewa tena, na bila shaka waliotaka kumwoa hawakukosekana.

Hakuolewa tena. Aliishi miaka 36 baada ya pale, na hakuolewa tena, kwa sababu kwake ndoa ya Kanisa haikuwa imefutwa na karatasi ya hakimu.

Najua baadhi yenu mnaosoma hapa mmelelewa na mama mmoja, au wazazi wenu wametengana, na mmewahi kusikia maneno ya ajabu kanisani juu ya watu wa namna hiyo. Tuwekane sawa. Kanisa halifundishi kwamba mtu aliyepewa talaka ya serikali ametengwa na sakramenti. Katekisimu inakubali kwamba wakati mwingine talaka ya kiserikali ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani, au malezi ya watoto, na aliyeachwa pasipo kosa lake hajavunja chochote. Ethel aliweza kuendelea kupiga magoti kwenye Misa kama kawaida. Alichokataa ni kuanza ndoa nyingine wakati mume wake yu hai. Hii haikumgharimu kidogo. Upweke kwa mtu anayepigiwa makofi na watu elfu moja kila usiku, halafu anarudi chumba cha hoteli, nadhani ni mkali kuliko wa mtu wa kawaida. Na hakuwa na kundi la kumtia moyo, kwa maana wenzake wengi waliona ni ushamba.

Turudi nyuma miaka minne, maana kuna jambo sitaki lipite. Mwaka 1919 waigizaji wa New York waligoma. Wakati ule mwandaaji aliweza kukufanyisha mazoezi wiki nyingi bila kukulipa senti, kisha mchezo ukifungwa baada ya siku tatu unarudi nyumbani mikono mitupu. Chama cha waigizaji kikasema basi. Ethel hakuwa na shida hiyo. Alikuwa juu kabisa, analipwa vizuri, angenyamaza tu na hakuna wa kumlaumu. Akasimama na waliokuwa wakibeba trei. Yeye na kaka yake Lionel wakapanda jukwaani kuchangisha fedha za wagomaji, na kumbi nyingi zikawa giza kwa takriban mwezi mzima hadi waandaaji wakakubali masharti. Ilimgharimu urafiki wa George M. Cohan, mtu mkubwa wa jukwaa wakati huo, aliyekuwa upande wa waandaaji. Papa Leo XIII alishaandika mwaka 1891, katika Rerum Novarum, kwamba wafanyakazi wana haki ya kuungana. Kama Ethel aliusoma waraka huo au la, alitenda kama aliyeusoma.

Mwaka 1928 ndugu wa Shubert, wenye kumbi nyingi, walimjengea ukumbi New York, barabara ya 47, wakaupa jina lake. Upo hadi leo, na kila mwaka unaonyesha michezo. Ulifunguliwa tarehe 20 Desemba 1928. Sasa swali: ukipewa ukumbi wenye jina lako, unafungua na mchezo gani? Mapenzi? Vichekesho? Ethel alichagua mchezo wa Mhispania Gregorio Martínez Sierra unaoitwa Ufalme wa Mungu, akauongoza mwenyewe, na nafasi aliyoicheza ni ya sista.

Sista Gracia ana miaka 19 mchezo unapoanza, binti wa familia nzuri aliyeingia shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo na anatunza wazee. Sehemu ya pili ana miaka 29, yuko kwenye nyumba ya mabinti waliopata mimba nje ya ndoa, na daktari mmoja anampenda, anamwomba aache utawa waoane. Anakataa, si kwa sababu hana moyo. Sehemu ya tatu ana miaka 70, anaendesha kituo cha yatima wasioshiba. Ethel alikuwa na miaka 49, na kila usiku alianza kama msichana na kumaliza kama bibi kizee. Wewe unayeigiza Njia ya Msalaba parokiani kila Ijumaa Kuu unajua kazi ya kubadilika hivyo mbele ya watu. Na mtu aweza kujiuliza masista wa Notre Dame walikuwa wamemwachia nini, hadi miaka thelathini na tano baadaye akavaa kilemba cha sista katika usiku mkubwa kuliko yote wa kazi yake.

Hakufanya kila kitu vizuri. Mwaka 1930, katika ukumbi huo huo, alicheza mwanamke mweusi wa kusini mwa Marekani katika mchezo wa Scarlet Sister Mary, akiwa amejipaka rangi nyeusi usoni. Ilikuwa desturi ya wazungu wa jukwaani enzi hizo, na waigizaji weusi wenye uwezo walikuwapo, wamekaa nje. Mchezo haukudumu. Sioni sababu ya kumtetea. Miaka 19 baadaye alicheza katika filamu ya Pinky, kuhusu nesi mweusi mwenye ngozi nyeupe anayerudi kusini kwenye ubaguzi. Ethel alikuwa bibi wa kizungu mgonjwa, mkali, anayemwachia nesi huyo nyumba yake kwa wosia. Aliyecheza bibi wa yule nesi ni Ethel Waters, mwigizaji mweusi na mwimbaji mkubwa. Wote wawili, Ethel na Ethel, wakapendekezwa kwa tuzo ile ile ya Oscar. Siyo fidia, lakini ni habari tofauti na ile ya 1930.

Mwaka 1932 ndugu watatu walikutana katika filamu moja kwa mara ya pekee wakiwa na sauti: Rasputin and the Empress. Ethel ndiye malkia wa Urusi, John mwana wa mfalme, Lionel ndiye Rasputin. Ukitaka kujua kwa nini filamu nyingi huandika kwamba wahusika wote ni wa kubuniwa, chanzo ni hii hapa. Familia ya Yusupov, Warusi wa kifalme waliokimbia mapinduzi, iliishtaki kampuni mahakamani London na kushinda, na tangu hapo wenye filamu wakajifunza kujihami.

Miaka hiyo ya thelathini ilikuwa mibaya. Uchumi wa dunia ulianguka, kumbi zikafungwa, hela ikawa tatizo, na mwaka 1936 alitangaza kwamba anastaafu. Wengi waliona kweli amekwisha. Na kule California John alikuwa anajimaliza kwa pombe, mbele ya macho ya kila mtu. Huyu ndiye aliyecheza Hamlet hadi London ikasimama; sasa akawa anasahau mistari na kucheza filamu za kujidhihaki mwenyewe. Alifariki mwezi Mei 1942, miaka 60.

Ethel hakuwa amekwisha. Mwezi Novemba 1940, akiwa na miaka 61, alipanda jukwaani katika mchezo wa Emlyn Williams, The Corn Is Green. Ni habari ya mwalimu, Miss Moffat, asiye na mume wala mtoto, anayefika kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales na kukuta watoto wanashuka shimoni badala ya kusoma. Anafungua shule. Anamgundua kijana mmoja mwenye akili isiyo ya kawaida na kung'ang'ana naye hadi afaulu kuingia Oxford. Mchezo ulikaa New York zaidi ya mwaka, kisha akauzungusha Marekani. Wengi wanasema ndio kilele chake. Mwanamke ambaye shule yake mwenyewe ilikatika akiwa na miaka 13 ndiye aliyewaonyesha watu mwalimu ni nini.

Katikati ya safari hizo kampuni ya filamu ya RKO ikamtaka kiasi kwamba ililipa gharama za kuusimamisha mchezo kwa muda. Filamu hiyo ni None but the Lonely Heart ya mwaka 1944, pamoja na Cary Grant. Alikuwa mama maskini wa London mwenye saratani anayeficha ugonjwa kwa mwanawe. Akapata Oscar. Lionel alishapata yake kwa filamu ya 1931. John, aliyekuwa na kipaji kuliko wote, hakuwahi kupata.

Mwaka huo huo wa 1944 alicheza mchezo wake wa mwisho New York, na huu natamani vikundi vyetu vya maigizo viutafute. Unaitwa Embezzled Heaven, umetokana na riwaya ya Franz Werfel, yule Myahudi aliyeandika habari za Bernadeta wa Lourdes. Ethel ndiye Teta, mpishi mcha Mungu wa huko Austria. Teta ana hesabu zake: atamsomesha mtoto wa ndugu yake hadi awe padre, na padre huyo atamwombea, na mbingu itakuwa imelipiwa. Anatuma fedha miaka na miaka. Barua zinakuja, maombi ya fedha yanakuja. Kumbe kijana si padre, hajawahi kuwa padre, ni tapeli aliyekula jasho la shangazi yake. Mzee huyu anabaki mikono mitupu, anakwenda kuhiji Roma, na huko ndiko anajifunza kwamba mbingu hainunuliwi. Sisi ambao tumechangia upadrisho mwingi tunaweza kucheka na kulia kwa pamoja. Katikati ya msimu Ethel akaugua, mchezo ukafungwa mwezi Januari 1945.

Baada ya hapo alihamia California na kubaki kwenye filamu, akicheza mabibi wakali wenye huruma ndani. The Spiral Staircase, 1946. The Farmer's Daughter, 1947, na Loretta Young, Mkatoliki mwenzake. Young at Heart, 1954, na Frank Sinatra. Alisoma sana, aliipenda ngumi na besiboli kupita kiasi. Alijua takwimu za wachezaji kama wewe unavyojua za ligi. Mwaka 1955 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake.

Lionel alimtangulia, tarehe 15 Novemba 1954. Mmemwona bila kujua: ni yule mzee bahili wa kiti cha magurudumu katika It's a Wonderful Life, filamu ambayo watu huiangalia kila Krismasi. Kiti hakikuwa cha kuigiza. Miguu yake ilikuwa imekwisha kweli kwa miaka mingi. Ethel akabaki wa mwisho wa wale watatu waliolelewa na Georgiana.

Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1957. Moyo ulikuwa umechoka. Alifariki nyumbani California tarehe 18 Juni 1959, ikiwa imebaki miezi miwili atimize miaka 80. Alizikwa katika makaburi ya Kikatoliki ya Calvary, Los Angeles, walikokuwa wamelazwa ndugu zake wote wawili. Mwaka 1980 mabaki ya John yalihamishwa kurudishwa Philadelphia. Ethel na Lionel wako pale pale.